MAFUTA YA DIFU HAYAKUIBWA, YALIVUJA

Anayeona vizuri awasomee wenzake.

Wiki hii wengi mmepita hapa ghalani mkauliza mbona lori liko juu ya magogo wakati viazi vimejaa mpaka mlangoni. Wengine hamkuuliza, mlisema tu, na tumesikia. Tumesikia ati kamati ya lori imelala. Tumesikia ati utingo ameuza mafuta ya difu huko Makambako na kamati inamkingia kifua. Tumesikia pia kwamba Jumamosi, kwenye mkutano mkuu, zitatolewa hoja mbili: ya kwanza, utingo akatwe mshahara kila mwezi mpaka alipe mafuta yote yaliyopotea tangu Januari, ya pili, lori literemshwe Jumapili na Jumatatu liwe sokoni.

Hoja zote mbili sisi kamati ya lori tunazipinga. Tunazipinga mapema, kwa maandishi, ili mtu asije akasema hakujua. Na tunazipinga tukiwa na aibu, maana ile tuhuma ya wizi haikuanza kwenu. Ilianza kwetu.

ILIVYOKUWA

Fungueni daftari la lori, liko wazi mezani kwa karani. Tangu Januari tumekuwa tukinunua mafuta ya gia. Mwanzoni lita moja kwa wiki mbili, halafu lita moja kwa wiki, na mwezi huu lita mbili kwa wiki. Kila mara sahihi zetu ziko pale. Tulitia sahihi, tukaongeza mafuta, tukafunga plagi, tukaenda zetu.

Sasa sikilizeni. Mafuta ya gia si dizeli. Dizeli inachomwa, lori likitembea, inapungua. Mafuta ya gia hayachomwi. Yanakaa ndani ya difu, yanalainisha meno ya gia na beringi, yanazunguka humo humo mpaka siku ya kumwagwa na kuwekwa mapya. Kwa hiyo yakipungua, maana yake ni moja tu: yametoka. Hata mtoto wa darasa la tatu angeuliza, yametokea wapi? Sisi watu wazima tukauliza, ameyatoa nani?

Na kwa kuwa utingo ndiye aliyekuwa akibeba kopo, tukamwita. Tukapekua mfuko wake mbele ya watu. Hatukukuta kitu. Akasema, "Shikamooni wazee wangu. Hebu angalieni gurudumu la nyuma kushoto, kwa ndani lina unyevu." Tukamwambia asitufundishe kazi.

Wiki mbili baadaye, lori likiwa limejaa viazi na watu kumi na mmoja juu ya magunia, dereva alikanyaga breki kwenye mteremko kabla ya kufika lami. Lori likavuta upande wa kulia, likakwaruza ukingo wa daraja. Dereva alilipunguza kwa gia, kwa ustadi wake na kwa rehema ya Mungu. Wale kumi na mmoja wanajijua. Wengine wao wana watoto wanaosoma ukuta huu.

Kwa nini lilivuta kulia? Kwa sababu breki ya kulia ilishika na ya kushoto haikushika. Na ya kushoto haikushika kwa sababu imelowa mafuta. Mafuta yenyewe ni yale yale tuliyodai yameuzwa Makambako. Yalikuwa ndani ya gurudumu, ndugu zangu. Hayakufika hata sokoni.

TULIVYOYAFUATA

Safari hii hatukukisia. Tulisugua ekseli yote ya nyuma kwa brashi na dizeli mpaka rangi ikaonekana, tukaifuta ikakauka. Tukalaza lori usiku mmoja mahali pa tambarare juu ya makaratasi safi ya boksi. Asubuhi tukaangalia. Maana mafuta yana ujanja wake: yanatoka juu, yanateremka, upepo wa njiani unayasukuma nyuma, mwisho yanadondoka mahali ambapo si penye kosa. Ukitazama tone linapodondokea utamlaumu asiyehusika. Lazima upande na unyevu mpaka juu kabisa unapoanzia.

Tukanusa pia. Mafuta ya gia yana harufu kali ya kiberiti, huwezi kuisahau. Mafuta ya breki ni mepesi na yanababua rangi. Oili ya injini iliyotumika ni nyeusi. Yaliyokuwa ndani ya gurudumu la kushoto yalikuwa mazito na yananuka kiberiti. Ushahidi ukakamilika.

Tukamwaga mafuta ya difu kwenye beseni jeupe. Wenzetu wenye mashua za mashine kule Ziwa Nyasa, upande wa Ludewa, nao hufanya hivi: mafuta ya gia yakitoka na rangi ya maziwa, maji yameingia. Yetu hayakuwa maziwa. Plagi ya chini ina sumaku. Tulikuta uji mweusi laini wa chuma, ambao ni wa kawaida, wala si vipande vya meno. Kwa hiyo gia ni nzima. Ugonjwa uko kwenye habu ya gurudumu.

Tukachomoa shafti, tukafungua habu. Pale kuna sili, ule mpira wa duara wenye mdomo mwembamba unaozuia mafuta ya difu yasipite kwenda nje. Mdomo wake ulikuwa umekatika. Mafuta yamepita, yameosha grisi yote ya beringi, yamevuka sili ya pili, yameingia kwenye dramu na kulowanisha mabamba ya breki. Nati ya habu imelegea, na beringi zimelika kiasi kwamba gurudumu lilikuwa linayumba ukilishika kwa mikono miwili.

Hayo ndiyo tuliyoyakuta. Sasa tujibu maneno yanayosemwa, moja moja.

"LORI NI CHUMA, NALO LINATOA JASHO"

Hili tumelisema wenyewe miezi mitatu. Ukiona vumbi limeganda na weusi kidogo kuzunguka sili ya gari kuukuu, sawa, liangalie tu kila wiki. Lakini jasho halidondoki mpaka likaacha doa chini. Jasho haliongezewi lita mbili kwa wiki. Tulichokuwa tukikiita jasho ni jeraha, na tulilipa jina zuri ili tusilitibu. Mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio chenyewe kilikaribia sana pale darajani.

"BADILISHENI SILI, BASI, YAISHE"

Tulibadilisha mwezi wa pili. Tulipeleka lori kwa fundi mmoja mjini, akatoa sili ya zamani kwa bisibisi, akagongelea mpya kwa nyundo upande mmoja mpaka ikakaa, akadai fedha yake. Baada ya wiki tatu ikavuja tena. Sisi tukasema sili za siku hizi ni mbovu. Tukamlaumu mwenye duka.

Hatukuuliza hata siku moja, ile ya kwanza ilikufa kwa nini? Sili haifi bure. Ina wauaji wake, na sisi tulimkuta zaidi ya mmoja.

Muuaji wa kwanza ni beringi iliyolegea. Gurudumu likiyumba, mdomo wa sili unabanwa huku na kuachwa huku. Hata uweke sili ya dhahabu, itakatika.

Muuaji wa pili ni tundu la kupumulia la difu, kile kikofia kidogo kilicho juu ya ekseli. Difu ikifanya kazi inapata moto, hewa ya ndani inatanuka, inatakiwa itoke pale. Letu tulilikuta limezibwa na udongo mwekundu mgumu kama tofali. Mvua hizi na barabara yetu mnazijua. Basi hewa isipopata pa kutokea, inasukuma mafuta, nayo mafuta yanatafuta mahali penye udhaifu, yaani sili. Mama akifunika sufuria na kukandika mfuniko kwa unga mbichi, mvuke utatokea wapi? Kulizibua tundu hilo kulitugharimu waya na dizeli kidogo. Dakika kumi. Dakika kumi hizo hatukuzipata tangu Januari.

Muuaji wa tatu ni sisi wenyewe tulioongeza mafuta bila kipimo. Difu ina tundu la kujazia ubavuni. Lori likiwa mahali pa tambarare, unajaza mpaka mafuta yafike kwenye mdomo wa tundu, unayagusa kwa kidole, unafunga. Sisi tulijazia mlimani, lori limeinama, ati ili yadumu. Yakizidi, yanachafuka na kupata moto zaidi, na njia ya kutokea tunaijua.

Muuaji wa nne ni mzigo. Na hapa tusitafutane uchawi. Wafanyabiashara wakituletea lumbesa tunapiga kelele, na tuna haki, maana lumbesa imekatazwa na sheria ya vipimo na inamnyonya mkulima. Lakini lori letu wenyewe tunalijaza namna gani? Magunia yanapita kingo za bodi, juu ya magunia mbao, juu ya mbao watu. Hiyo ni lumbesa tunayomfanyia lori. Mnunuzi anatunyonya kwenye gunia, nasi tunazinyonya beringi zetu.

"MABAMBA YA BREKI YACHOMENI KWA PETROLI, YATAKAUKA"

Tumeshauriwa hivyo na watu watatu, mmoja wao ni dereva wa miaka mingi. Kwa heshima zote, tunakataa. Bamba la breki likilowa mafuta, yanaingia ndani kabisa. Ukilichoma, juu linakauka na linapendeza macho. Ukienda nalo mteremkoni likapata moto, mafuta ya ndani yanatoka tena juu, na breki inateleza wakati ule ule unapoihitaji. Anayetaka kuamini mabamba yaliyochomwa apande yeye juu ya magunia na wanawe, sisi tutapunga mkono.

"KUSHOTO MMEMALIZA, KULIA NI KUZIMA. VIAZI VINAOZA"

Hili ndilo neno zito, na wanaolisema si wajinga. Viazi ni ada za shule, ni mbolea ya mwakani, ni dawa. Sisi pia magunia yetu yako mle ghalani.

Lakini fikirini. Upande wa kulia una umri ule ule wa kushoto. Umepita matope yale yale. Umebeba mzigo ule ule. Umesukumwa na hewa ile ile, maana tundu la kupumulia ni moja kwa pande zote mbili. Tuna sababu gani ya kudhani ni mzima? Kwa sababu haujadondosha bado? Hata wa kushoto Desemba ulikuwa haujadondosha.

Tena, tukiweka mabamba mapya kushoto na kuacha makuukuu kulia, breki hazitashika sawa, na lori litavuta tena, safari hii upande mwingine. Mabamba ya ekseli moja hubadilishwa pande zote mbili pamoja. Na sili mpya ya kulia bei yake haifiki hata gunia moja la viazi. Tuna magunia mangapi mle ghalani? Tunabishania gunia moja!

Kuhusu viazi, yako ya kufanya. Vitolewe kwenye magunia yaliyorundikwa, vitandazwe juu ya chanja ndani ya ghala, gizani lakini penye hewa. Msivitoe nje juani, vitageuka kijani na havitaliwa wala kuuzika. Vilivyojeruhiwa kwa jembe vitengwe viliwe nyumbani kwanza. Na tukodi lori la wenzetu wa kijiji cha jirani kwa safari mbili. Ni gharama, ndiyo. Ni gharama ya miezi mitatu ya kuongeza mafuta bila kuuliza, na inatuhusu sote.

MALI YA WOTE NA MACHO YA WOTE

Wazee wetu wameona mengi. Waliona vyama vikuu vya ushirika vikivunjwa mwaka 1976, wakaona sheria ya mwaka 1982 ikivirudisha. Wakituhadithia wanasema mashine za kijiji hazikufa kwa siku moja. Zilikufa kwa nati moja iliyolegea ambayo kila mtu aliiona na kila mtu alidhani mwenzake ataikaza. Siku iliposimama kabisa, hapo ndipo watu walikumbuka kumtafuta mwizi.

Ni rahisi zaidi kumtafuta mwizi. Mwizi ana jina, ana uso, anaweza kukatwa mshahara, na sisi tukarudi nyumbani tumeridhika. Kosa la kuzembea halina uso, au tuseme lina nyuso nyingi mno, na mojawapo ni yako unayesoma. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulifanya zaidi: ufa hatukuuziba, tukaupaka chokaa, halafu tukamshtaki kijana aliyetuonyesha ulipo.

TUNAYOTAKA JUMAMOSI

1. Hoja ya kumkata utingo mshahara ifutwe, na kufutwa kwake kuandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.

2. Lori lisiteremshwe mpaka habu ya kulia ifunguliwe, beringi zioshwe na kukaguliwa, na sili iwe mpya. Sili isukumwe taratibu na bomba la kipimo chake, ikae sawa pande zote, isigongwe kwa nyundo upande mmoja. Pale mdomo wa sili unapozungukia pakaguliwe kwa ukucha. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, chuma hicho kimelika na lazima kishughulikiwe kabla ya sili.

3. Mabamba ya breki ya nyuma yabadilishwe pande zote mbili, na dramu zioshwe zisibaki na mafuta.

4. Kuwe na ukurasa wa mafuta katika daftari. Kila lita inayoongezwa iandikwe siku, kiasi, na sababu. Ikiongezwa mara ya pili katika mwezi mmoja, lori lisimame mpaka ijulikane yanatokea wapi. Sahihi bila sababu isihesabiwe kuwa sahihi.

5. Tundu la kupumulia lisafishwe kila Jumapili wakati wa masika. Utingo akisema ameona unyevu, kamati ilale chini ya lori itazame. Chini kabisa, na nguo zichafuke.

6. Mzigo usipite kingo za bodi, na watu wasipande juu ya magunia. Tunajua hili litawaudhi wengi wanaokwenda hospitali na sokoni. Linatuudhi na sisi. Lakini mchuma janga hula na wa kwao, na pale darajani tuliwaona wa kwetu.

KWA UTINGO WETU

Kijana wetu, ulipekuliwa mbele ya watu, kwa hiyo tunasema mbele ya watu. Hukuiba. Ulituambia ukweli na tulikunyamazisha kwa sababu wewe ni mdogo na sisi ni wakubwa. Mafuta yaliyopotea yapo kwenye daftari kwa sahihi zetu, si yako. Kama mkutano utaona lazima mtu alipe, basi walipe walioweka sahihi. Tuko tayari, tena tutaanza na sili ya kulia.

Nanyi ndugu wanachama, kabla ya Jumamosi pitieni hapa mlione lori. Utingo mwenyewe atawashikia taa. Wekeni mkono ndani ya dramu ya kushoto, nuseni vidole vyenu, halafu ndipo mje mkutanoni kupiga kura. Viazi vikioza tutapanda vingine mwezi wa kumi na moja. Mtu hapandwi tena.

Wenu katika ushirika,
Kamati ya Lori